Sebule Mpya Bila Deni: Acha Chumba Kifuate Mfuko Wako

Disemba ikikaribia, maneno ya sebule huanza. Mama anataka mapazia mapya kabla wageni hawajafika. Kijana aliyehamia nyumba yake ya kwanza anataka kochi kabla wazazi hawajaja kumtembelea. Dada wa chama amepewa zamu ya kukaribisha wenzake mwezi ujao, na akiangalia ule ukuta wa nyuma ya televisheni anaona aibu. Tunawaelewa kabisa. Hata sisi tuna sebule, na hata sisi tuna wageni.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wa timu ya elimu kwa wateja tumelijadili kwa muda mrefu hapa ofisini, na leo tunalisema wazi. Usichukue mkopo wa simu ili kubadilisha sura ya sebule yako. Iwe ni kochi, kapeti, televisheni kubwa ama zile taa za kubadilika rangi, usikopee.

Tunajua utashangaa kusikia hivi kutoka kwa kampuni ya pesa za simu. Kwani sisi si tunapata ada pesa zikizunguka? Ndiyo, tunapata. Na baadhi yetu tulisomea masoko chuo kikuu, kwa hivyo tunajua vizuri vile tangazo la fanicha hutengenezwa. Unaweka picha ya sebule chakavu, kando yake unaweka picha ya sebule inayong'aa, halafu chini unaandika "lipa polepole". Inafanya kazi. Ila mteja aliyezama kwenye deni hatusaidii chochote. Huyo huzima laini, huacha kupokea simu, na pesa zake huanza kupitia kwa laini ya dada yake. Tungependa ubaki na sisi miaka mingi, ukiwa na amani.

Kochi la elfu hamsini na mbili

Mwenzetu mmoja ametukubalia tusimulie yaliyompata, bora tusimtaje jina. Mwaka wake wa kwanza kazini alihamia nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Sebule ilikuwa na godoro la kukalia, stuli mbili na meza ya plastiki. Mwezi wa Novemba mama yake akapiga simu kusema kwamba yeye na shangazi wawili watapitia kwake wakienda harusi. Usiku huo huo akafungua programu ya mikopo kwenye simu, akachukua shilingi 40,000 na kununua kochi la kona, rangi ya kijivu.

Ada ilikuwa asilimia 8 kwa mwezi. Ukiisoma haraka, asilimia 8 ni kitu kidogo. Kwa 40,000, hiyo ni shilingi 3,200. Mwezi ulipoisha hakuwa na 43,200, kwa hivyo akalipa ile ada peke yake ili aongezewe mwezi mwingine. Januari ikafika na mambo yake: nauli imepanda, mdogo wake anarudi shule, kodi inangoja. Akalipa ada tena. Februari vivyo hivyo. Alikuja kumaliza deni mwezi wa Machi, baada ya kulipa ada mara nne. Piga hesabu: 3,200 mara 4 ni 12,800. Kochi la 40,000 lilimgharimu 52,800.

Sasa sikia sehemu inayouma. Mama yake alipofika, alikaa kwenye hilo kochi, akalipapasa, akauliza, "Na hii ni ya pesa ngapi, mama?" Mwenzetu akadanganya. Halafu shangazi mmoja akaomba chai, na gesi ilikuwa imeisha tangu juzi. Alienda kwa jirani kuomba jiko na wageni wakiwa ndani. Anasema hakuna hata mmoja wa wale wageni aliyezungumzia kochi tena siku hiyo. Waliongea kuhusu chai iliyochelewa.

Hatusemi hivi kumcheka. Tunasema kwa sababu wengi wetu tumefanya kitu kama hicho, na tulikifanya kwa upendo. Tulitaka mzazi aone kwamba tumefika mahali. Tatizo ni kwamba mkopo wa simu ni wa muda mfupi sana, na kochi halizalishi pesa ya kuulipa. Ukikopa kununua stoki ya duka, stoki inauzwa na deni linalipika. Ukikopa kwa sababu mtoto amelazwa hospitali, hapo huna la kuchagua. Kochi lenyewe litakaa tu hapo, na wewe utalilipia kutoka kwa mshahara ambao tayari ulikuwa na kazi nyingine.

Je, bei zikipanda?

Kuna mtu atatuambia, "Nikingoja niweke akiba miezi sita, kochi litakuwa limepanda bei." Ni swali la maana, na ni kweli bei hupanda. Lakini rudi kwa ile hesabu yetu. Kwa miezi minne ya ada, mwenzetu aliongeza karibu thuluthi moja ya bei ya kochi. Ili kungoja kumuumize kiasi hicho, kochi la 40,000 lingehitaji kupanda hadi 52,800 ndani ya miezi hiyo minne. Si kawaida ya soko la fanicha. Na anayenunua kwa pesa taslimu ana nguvu ya kuongea bei. Mwenye deni la haraka hununua la kwanza analoliona.

Wengine watasema, "Kwa hivyo mnataka tukae kwenye sebule mbaya?" La hasha. Nyumba nzuri inatuliza roho. Mtoto anafanya homuweki vizuri mahali penye mwanga, na wewe mwenyewe ukitoka kazini umechoka unastahili kukaa mahali panapokupendeza. Tunachosema ni kwamba sehemu kubwa ya uzuri wa sebule haiko kwenye kochi. Iko ukutani, dirishani na kwenye vitu ambavyo tayari unavyo. Na hivyo ndivyo vitu vya bei nafuu.

Anza na kile ambacho hakilipiwi

Siku ya kwanza usinunue kitu. Toa kila kitu sebuleni isipokuwa viti na meza. Rudisha tu kile unachotumia. Utashangaa ni vingapi vilikuwa pale kwa mazoea: redio iliyokufa, mifuko ya karatasi, viatu, kalenda ya mwaka juzi. Wengi wetu tumelelewa kwenye sebule zenye vitambaa kila mahali, kwenye kochi, kwenye stuli, mpaka juu ya televisheni. Kama una vitambaa vilivyoshonwa na shosho ama mama, usivitupe. Chagua viwili ama vitatu vilivyo safi kabisa uviweke mahali vinapoonekana, vingine uvikunje vipumzike.

Halafu sogeza viti. Sebule nyingi za kupanga zina viti vimebanwa ukutani pande zote kama chumba cha kungojea daktari. Jaribu kuleta kiti kimoja karibu na dirisha, ama geuza kochi lisitazame televisheni peke yake. Ishi hivyo wiki moja kabla hujaamua kwamba unahitaji kitu kipya. Hiyo wiki haikugharimu hata bob.

Ukuta ndio mpango mzima

Pesa yako ya kwanza iende kwa rangi. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kwanza, na jibu lake liwe kwa ujumbe ili msije mkakosana siku ya kuhama. Wengine hata hukubali kuchangia, kwa sababu nyumba ni yao.

Usikubali kuambiwa tu "nunua ndoo kubwa". Pima mwenyewe. Tuseme sebule yako ni mita 4 kwa 3.5, na kimo cha ukuta ni mita 2.6. Zunguko lake ni mita 15, kwa hivyo ukuta wote ni mita 39 za mraba. Ondoa kama 5 za mlango na dirisha, zinabaki 34. Unapaka mara mbili, hiyo ni 68. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba, kwa hivyo unahitaji karibu lita 7. Yaani mikebe miwili ya lita 4, na kidogo kitabaki cha kurekebisha alama za mikono ya watoto.

Angalia pia kama ukuta una unyevu. Ukiona madoa meusi ama rangi inabanduka chini karibu na sakafu, usipake juu yake. Tafuta maji yanatoka wapi, yarekebishwe, ukuta ukauke. La sivyo utakuwa umenunua rangi ya miezi mitatu. Ukuta ukiwa mkavu, ziba nyufa kwa puti, piga msasa, futa vumbi, ndipo upake. Kwa rola na brashi, watu wawili wanamaliza chumba kama hicho wikendi moja.

Baada ya ukuta, dirisha. Kwa mapazia yenye mikunjo mizuri, kitambaa kiwe na upana mara mbili ya fimbo ya pazia. Fimbo ya mita 2.5 inataka mita 5 za kitambaa. Watu wengi hununua mita 3, pazia likaonekana kama shuka iliyoanikwa, halafu wanalaumu rangi. Eastleigh kuna maduka mengi ya mapazia na makapeti. Mitumba mizuri utaipata Gikomba, na kama uko Mombasa, Kongowea. Enda asubuhi, enda na vipimo vyako vimeandikwa.

Mwisho, vitu vidogo. Balbu yenye mwanga wa njano hutuliza chumba kuliko ule mweupe mkali. Leso mbili zinaweza kushonwa zikawa foronya za mito. Mkeka wa miyaa kutoka Pwani unaweza kukaa mahali pa kapeti, na kiondo kikashika magazeti ama vitu vya kuchezea vya mtoto.

Mwenzetu yule alipomaliza deni, mwaka uliofuata alifanya haya aliyoyaruka. Rangi, puti, rola na brashi zilimlia 4,600. Mita 5 za pazia kwa 450 kila mita ni 2,250, na kushona 600. Foronya sita za 250 ni 1,500. Jumla 8,950. Tazama tena ile ada ya 12,800 aliyoilipa. Ingefanya kazi hii yote na ingebaki 3,850, pesa ya kujaza gesi. Na wageni waliokuja baadaye walisifu nini? Ukuta.

Weka akiba kwa jina

Sasa pesa zitoke wapi? Shilingi 100 kwa siku, kwa siku 90, ni 9,000. Hiyo ni ile kazi ya ukuta na mapazia, bila deni. Kama unataka kochi la 40,000, shilingi 220 kwa siku zitakufikisha hapo kwa miezi sita. Najua, tunajua, si kila siku ina 220. Siku mbaya weka 50, siku nzuri weka 400. Kama huduma yako ya akiba inakuruhusu kufunga pesa hadi tarehe fulani, funga. Pesa zikikaa kwenye salio la kawaida huwa zinaenda kwa mambo madogo madogo na hutaziona.

Ipe akiba hiyo jina, "rangi" ama "kochi". Tumejaribu wenyewe, na ni vigumu zaidi kutoa pesa ya "kochi" kununua kuku wa kukaanga kuliko kutoa pesa isiyo na jina.

Kuna pia chama. Vyama vingi vya mzunguko hununuliana vitu vya nyumba kwa zamu: mwezi huu mapazia ya mama fulani, mwezi ujao makochi ya mwingine. Hakuna riba, na wanaokudai ni watu wanaokujua. Kwa maoni yetu, chama chenye watu waaminifu ni njia bora ya kupata kochi kuliko programu yoyote ya mkopo.

Ukifika kwa fundi, lipa kwa hatua

Siku akiba imetimia, usiikimbize. Hapa ndipo wengine hupoteza zaidi ya riba.

Kuna kurasa mitandaoni zenye picha tamu za makochi na bei ya kushangaza. Wanataka utume pesa ya kuanzia, kisha pesa ya lori, kisha pesa ya mafuta kwa sababu lori "limekwama njiani". Kochi halifiki. Picha ziliibwa mahali pengine. Kama huwezi kufika karakana, omba muuzaji akupigie simu ya video akionyesha kochi lenyewe na karakana. Akikataa, achana naye.

Ni afadhali uende mwenyewe, iwe ni kwa mafundi wa kando ya Ngong Road, Gikomba ama Kibuye kule Kisumu. Mwambie fundi unataka kuona fremu kabla haijavalishwa kitambaa. Mbao zikiwa zimefichwa huwezi kujua kama ni ngumu ama ni vipande vya masanduku. Kalia fremu, itikise, sikiliza kama inalia. Uliza sponji ni ya uzito gani, kwa maana sponji nyepesi huzama baada ya miezi michache na utaanza kukaa juu ya mbao.

Fundi mara nyingi atasema, "Madamu, tuma ya mbao tuanze leo." Ni haki yake, hana mtaji wa kukukopesha. Lakini si lazima utume yote. Kubalianeni hivi na muandike: sehemu ya kwanza ya mbao, ya pili ukishaiona fremu, ya mwisho kochi likiwa mlangoni kwako. Kila mara lipa kwa namba ile ile ya biashara, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Kama umeongea na karakana na jina ni la mtu usiyemjua, simama uulize. Usifute jumbe za malipo. Siku mkibishana, hizo ndizo risiti zako.

Na ukikosea namba ukatuma pesa kwa mtu mwingine, piga simu kwa huduma kwa wateja hapo hapo, kabla ya kufanya lolote lingine. Dakika zinahesabika, kwa sababu pesa zikishatolewa ni vigumu kuzirudisha.

Kama tayari una deni

Labda unasoma haya ukiwa umekalia kochi ambalo hujamaliza kulipia. Usijilaumu sana. Acha kulipa ada peke yake kila mwezi, maana hapo deni halipungui hata kidogo. Muulize aliyekukopesha kama unaweza kupunguza deni lenyewe kidogo kidogo, na utumie kila shilingi ya ziada huko kwanza. Usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Na kama kuna kitu sebuleni kinachoweza kuuzwa, kama ile televisheni ya pili ama meza isiyotumika, huu ndio wakati wake.

Mgeni wa Kenya ukimkaribisha vizuri hukumbuka chai, chapati na vile mlicheka. Sebule safi, ukuta uliopakwa na pazia linalofika chini vinamtosha. Kochi litakuja, na siku likija mama akiuliza ni la pesa ngapi, utamtajia bei ya kweli.